Jiwe Lililopita Chini ya Ukuta

Jiwe lililoko juu ya meza yangu halikutoka Bombay. Naiandika sentensi hiyo kwanza, peke yake, nione inavyoonekana, maana wageni wangu wote wameambiwa kinyume chake. Ni jiwe dogo la mviringo, rangi ya ini, lenye mshipa mweupe unaolizunguka kama mkanda, na kazi yake hapa ni kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa dirishani. Mgeni akilinyanyua tu, mimi husema, "Ah, hilo nililiokota ufukweni Bombay, wakati niko chuo kikuu." Husema hivyo hata kabla hajauliza. Mume wa rafiki yangu mmoja, mtu anayejua mambo ya miamba, aliwahi kuligeuzageuza akasema ni ajabu, kwani mawe ya namna hii yeye huyaona Uluguru. Nikamwambia dunia ni moja. Akalirudisha juu ya karatasi kwa adabu.

Lilitoka Mto Morogoro, na wala si langu. Mwenyewe ni Skolastika, ambaye sote tulimwita Skola. Nilipewa nilitunze, na nilikuwa nalo mkononi siku niliyosema neno ambalo tangu hapo nimelikana kwa Kiswahili, kwa Kikachi, lugha ya Kihindi ya nyumbani kwetu, kwa Kiluguru kidogo nilichokuwa nacho, na baada ya kusoma, kwa Kiingereza, lugha niliyoiona nyepesi kuliko zote kwa kazi hiyo.

Nyinyi wa rika langu mnaukumbuka mdako. Unachimba kishimo, unakijaza kokoto, unakaa chini umenyoosha miguu. Unarusha jiwe juu, na kabla halijarudi unazikomba kokoto zote nje ya shimo, kisha unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja, hiyo ni mali yako. Jiwe likianguka, zamu imekwisha. Ndiyo yote. Hata hivyo nimekaa madarasani na watu wenye majoho wakitueleza mambo mazito, na sijaona jambo lililonishughulisha akili kama lile jiwe likiwa hewani.

Mdachi ndiye aliyekuwa na boma wakati huo, na treni ilikuwa bado mpya kiasi kwamba watu walikwenda steshini kuitazama tu, hawana mgeni wala mzigo. Baba yangu alikuwa na duka: kaniki, vibiriti, mafuta ya taa, na juu ya yote chumvi, iliyokaa kwenye magunia mlangoni na kulowanisha sakafu wakati wa masika. Watoto wa mtaa hawakujishughulisha na jina nililopewa na wazazi wangu. Waliniita Chumvi. Tulipokwenda mtoni walipiga kelele, "Toka majini, Chumvi, utayeyuka!" Nami nilitoka, kwa sababu sikuwa na hakika kabisa kwamba sitayeyuka.

Skola alikuwa mkubwa kwangu, amenizidi kichwa kizima. Kwao hasa ni Mgeta, juu kabisa, lakini baba yake alikuwa fundi wa matofali wa misheni, kwa hiyo walijenga nyumba ya udongo nyuma ya duka letu, tukitenganishwa na uchochoro. Mama yake aliuza mboga zilizoshushwa kutoka milimani vichwani mwa watu. Skola ndiye aliyenifundisha mdako. Wasichana wengine hawakunitaka. "Huyo mikono ina samli," walisema, "jiwe linateleza." Skola aliwajibu, "Basi akikosa nalipa mimi." Alilipa sana. Nilikuwa mbovu mno.

Alikuwa na mambo yake. Alikuwa akitega sikio kwenye nguzo ya simu kandokando ya reli na kusema anawasikia watu wa Dar es Salaam wakisalimiana. Mimi nilitega sikio nikasikia mvumo tu. "Hakuna mtu humu," nikasema. "Wapo," akasema. "Wewe hujui kusikiliza." Jioni nilirudi nyumbani na udongo mwekundu chini ya kucha, mama yangu akinishika vidole na kuuliza kama nimekaa chini na watoto wa nje. Nilisema hapana, mama. Alinisugua kwa ndimu na hakuuliza tena. Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kwamba hapana ni neno linalofanya kazi.

Kisha siku moja Skola hakuja. Nilikwenda kwao nikamkuta mama yake anachambua mboga.

"Shikamoo, Mama Skola. Skola yuko wapi?"

"Marahaba. Amekwenda Mgeta, kwa mjomba wake."

"Atarudi lini?"

"Mjomba akimchoka," alisema, bila kucheka, na akanituma nimletee maji.

Niliwauliza wanawake wengine. Walitazamana, nao pia wakanituma maji. Nilichota maji mengi majuma yale.

Nyinyi mmeshajua, bila shaka. Mimi sikujua, na hakuna ambaye angeniambia, maana mtoto haambiwi. Skola alikuwa amevunja ungo. Msichana wa Kiluguru akifikia hapo, zama zile, aliwekwa chumbani akawa mwali. Alifundishwa na kungwi wake, akalishwa vizuri, hafanyi kazi, haonwi na wanaume wala watoto wala jua, mavuno yakaja na kupita, mpaka siku ya kuchezwa ngoma, siku ambayo hutolewa amefunikwa, amebebwa mabegani, wanawake wakiimba mbele na nyuma. Hapo ndipo anahesabiwa mtu mzima. Lakini misheni haikulitaka jambo hilo hata kidogo, na baba yake Skola alikula kwa misheni. Kwa hiyo nyumba nyingine zilipokuwa na mwali, mtaa mzima ulijua ukanyamaza kwa heshima. Nyumba hii ilinyamaza pia kwa hofu.

Nilimpata kwa masikio. Nilikuwa uchochoroni, nimetumwa kumwaga majivu, nikasikia kutoka ndani ya ukuta wa nyuma kokoto zikikombwa, halafu kimya kidogo, halafu jiwe likiingia kiganjani. Kila mtu ana mwendo wake wa kucheza. Skola alichelewesha mkono mpaka dakika ya mwisho, kama mtu anayejua jiwe litamsubiri.

"Skola?"

Kokoto ziliacha kulia.

"Skola, ni mimi, Chumvi."

Sauti ikatoka chini kabisa, karibu na ardhi. "Nenda zako."

"Walisema uko Mgeta."

"Niko Mgeta. Nenda zako."

Nilikaa. Maji ya paa yalikuwa yameila sehemu ya chini ya ukuta ule, pakawa na tundu la kupita kifaranga, ambalo yeye alikuwa ameliziba kwa kitambaa. Baada ya muda kitambaa kilivutwa ndani, na jiwe lenye mkanda mweupe likatoka, likabingirika mpaka kwenye mguu wangu.

Tukacheza hivyo. Yeye ndani na shimo lake, mimi nje na shimo langu, jiwe likipita chini ya ukuta kila zamu ilipokwisha. Hakuna aliyemwona mwenzake, kwa hiyo ilibidi kila mmoja aaminiwe.

"Nimedaka zote," nilikuwa nikisema.

"Limeanguka. Nimelisikia."

"Halikuanguka!"

"Haya, halikuanguka. Lete, zamu yangu."

Lilikuwa limeanguka. Mara nyingi lilikuwa limeanguka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nashinda mdako, na sikuona aibu yoyote.

Siku moja jiwe lilikwama njiani, mkono wake ukatoka kulitafuta. Nilishtuka. Ulikuwa mnene, laini, unang'aa mafuta, kucha zimekua, na rangi yake ilikuwa imefifia ikawa kama chai ya maziwa. Nikafikiri. Nilikuwa nimewaona Wazungu wachache pale mjini: wanene, wanakaa ndani, hawafanyi kazi, jua haliwapigi. Ushahidi ulikuwa umekamilika.

"Skola," nilinong'ona, "unageuka Mdachi?"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha nikasikia mlango na sauti ya mwanamke, na kitambaa kikarudishwa haraka kwenye tundu. Siku iliyofuata hakucheka.

"Chumvi, sikia. Usimwambie mtu niko humu. Padre akijua watanitoa kabla sijachezwa. Mwali akitolewa hivyo hawi mtu mzima tena, hata azae watoto kumi. Apa."

Niliapa kwa Mungu, kwa baba yangu na kwa gunia la chumvi. Lakini niseme ukweli juu ya nilichokielewa. Kuchezwa nilidhani ni sikukuu. Na sikukuu, kwa nilivyojua mimi, ni kama Idi: ukiikosa hii kwa sababu ya homa, itakuja nyingine, na nguo mpya bado zitakutosha.

Muda si mrefu baadaye jiwe lilitoka bila kokoto kulia ndani.

"Kungwi amesikia," alisema Skola. "Amesema mikono ya mwali haichezi tena michezo ya kitoto. Nimemwahidi. Wewe litunze. Nikitoka nitakuja kulichukua."

Kisha nikasikia akipiga udongo mbichi kwa kiganja, na tundu likazibwa kutoka ndani.

Hapo mimi nikabaki na jiwe zuri kuliko yote mtaani, na sina mtu. Nilikwenda nalo mtoni. Wasichana walilitazama, wakanitazama mimi. "La Skola hilo," alisema mmoja. "Umeliiba?" Mwingine akasema, "Mwacheni, mikono ya samli, hata kuiba hawezi." Wakaendelea na mchezo wao, mgongo kwangu. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma shingo, kisha nikarudi dukani.

Mwalimu wa dini wa misheni alikuja kununua chumvi na vibiriti. Alikuwa mtu mpole, Mluguru wa Matombo, na alipenda kuzungumza na watoto. Baba alikuwa stoo.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyu rafiki yako Skolastika harudi tu huko Mgeta? Mafundisho yanampita."

Aliuliza kama watu wanavyouliza, huku akifunga chumvi yake kwenye kitambaa. Sidhani hata alingoja jibu.

"Hayuko Mgeta," nikasema. "Yuko chumba cha nyuma. Anakaa tu. Akitoka tutacheza."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama kidogo, akasema, "Ahsante, mwanangu," akatoka na kusahau vibiriti vyake. Mimi, mtoto mwenye adabu, nikamkimbilia barabarani nikampa.

Kwa miaka mingi, siku nilizokubali kabisa kufikiri juu ya jambo hili, nilijiambia nilisema kwa huruma: mtoto amemwona mwenzake anafifia gizani, akapiga kelele. Ni hadithi nzuri. Ningeisoma mahali ningeiamini. Lakini nilikuwa nimeshaonyeshwa kwamba Skola hageuki kitu. Nilisema kwa sababu nilitaka mtu wa kucheza naye, na yeye ndiye peke yake aliyenivumilia.

Walikuja asubuhi, padre Mdachi na Mwalimu. Padre hakuwa mkali. Alivua kofia, akazungumza Kiswahili cha polepole, na kila alipomaliza sentensi Mwalimu aliangalia viatu vyake. Baba yake Skola alikuwa ameitwa kutoka kwenye tanuri, amesimama na udongo mikononi. Mama yake alikaa kizingitini, miguu ameinyoosha, akiziba mlango kwa mwili wake, na ilibidi wamruke.

Skola alitoka akitembea. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Alipaswa kutoka mabegani mwa watu. Alitoka akitembea, kitambaa kimoja kifuani, mkono usoni kwa sababu jua lilimwumiza, nyayo zake zimekuwa laini akikanyaga kila kokoto kama mwiba. Wenye maduka waliacha mizani wakatazama. Wachukuzi walitazama. Mlango mmoja baada ya mwingine, uani kwetu mpaka barabara kuu, wanaume walimtazama mwali.

Na mimi nilifurahi. Hili ndilo linalonirudia nikiwa naoga, nikiwa nasahihisha madaftari. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka nafurahi, na alipokaribia nikalinyanyua jiwe juu, aone kwamba nimelitunza, kwamba tunaweza kuanza. Akaondoa mkono usoni. Akaniona, akaliona jiwe. Kisha akafumba macho, akapita.

Walimpeleka kukaa kwa masista. Jioni mama yake na kungwi walikuja dukani. Baba yangu aliwawekea viti, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Chumvi, mwanangu," alisema Mama Skola. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wewe ulikuwa ukikaa sana huko uchochoroni. Ulimwambia mtu?"

"Hapana."

"Hakuna mtu aliyekuuliza ukamjibu?"

Nilimtazama baba. Nilimtazama yule kungwi, mwanamke mkubwa mwenye macho mekundu. Jiwe lilikuwa mkononi mwangu, nimelificha nyuma ya mgongo, lina joto.

"Si mimi," nikasema. "Ni mawe. Alikuwa anacheza mdako kila siku. Mtu yeyote akipita anasikia."

Kungwi akapiga viganja vyake. "Nilimkataza!"

"Hata baada ya kukatazwa?" aliuliza Mama Skola. Aliuliza taratibu, na nadhani alikuwa ananipa nafasi.

"Ndiyo," nikasema. "Hata jana."

"Mtoto wangu hasemi uongo," alisema baba yangu.

Mama Skola alimtazama kungwi. "Basi kajitoa mwenyewe," alisema, akasimama akajifunga kaniki yake upya kiunoni. Walipotoka baba alinipa kipande cha sukari guru, kwa sababu niliulizwa maswali magumu na wakubwa.

Baadaye kulikuwa na maneno kwamba huenda Skola angerudishwa ndani kwa siri, kule Mgeta kwa mjomba wake halisi, akachezwa. Wanawake walikataa. Wangeweza kumrudisha mwali aliyetolewa na Wazungu. Aliyejitoa mwenyewe kwa kucheza kitoto harudishwi.

Kisha ikaja vita, Mdachi akaondoka na wengine wakaja, nami nikapelekwa Bara Hindi kusoma, nikasoma mpaka hapakuwa na la kusoma. Nilirudi Dar es Salaam nikafundisha wasichana. Kaka yangu ndiye aliyerithi duka. Alipokuja kunitembelea alinipa habari za Morogoro huku akimenya chungwa: nani kafa, nani kafilisika, na kwamba yule binti wa fundi matofali aliolewa na mwanamume mmoja wa Mkuyuni aliyefiwa na mke, anauza sokoni, mtu mcheshi, ila ajabu yake ni moja. Kukiwa na ngoma ya mwali, wanawake wa rika lake wanaingia ndani, yeye anakaa nje na watoto. "Bibi mzima!" alisema kaka. Nikamuuliza bei ya machungwa.

Nimewahi kuandika makala kuhusu mila ya mwali kwa Waluguru. Ina tanbihi. Niliandika humo kwamba msichana aliyetolewa kabla ya wakati "hupoteza nafasi yake katika jamii ya wanawake," na watu waliisifu makala ile kwa uchunguzi wake makini. Nilipoiandika, karatasi zake zilikuwa zimekandamizwa na jiwe lile lile.

Mara moja nilijikaza. Nilikata tiketi, nikaweka jiwe mkobani, nikapanda treni kwenda Morogoro kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri sana. Treni ilipofika Kingolwira, milima ikasimama mbele yangu bila wingu hata moja, nami nikashuka. Kingolwira sina ndugu, sina shughuli. Nilisimama tu kwenye steshini na mkoba wangu. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi alinitazama sana, akaniuliza kwa Kiluguru kama si huko mbele ninakokwenda. Nilimwelewa vizuri. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba simwelewi. Akacheka kidogo, akaniuzia ndizi. Nilirudi Dar es Salaam na treni ya kushuka, na kazini nikasema mkutano wangu uliahirishwa.

Wiki iliyopita simu ililia mchana, nikiwa mezani. Ilikuwa sauti ya kaka, ikitoka dukani.

"Kuna mteja wangu hapa kaja kununua kanga," alisema. "Kaona simu ukutani, anataka kujaribu. Sema naye."

Kukawa na mkwaruzo, kisha mtu akapiga kelele kama anayeita ng'ambo ya bonde. "Haloo! Haloo! Huyu anasikia kweli?"

"Anasikia, bibi," nikamsikia kaka kwa mbali. "Sema taratibu tu."

"Chumvi!"

Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu utotoni.

"Nani mwenzangu?" nikasema, ingawa nilijua.

"Unajua ni nani. Hii si ndiyo ile nguzo? Nilikwambia kuna watu humo ndani, ukanibishia." Akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile, kinaishia kwenye kikohozi. Kisha akashusha sauti. "Jiwe langu unalo?"

Lilikuwa mbele yangu, juu ya madaftari ya wanafunzi, mkanda wake mweupe umenielekea.

"Jiwe lipi?" nikasema.

Nilisikia pumzi yake, karibu, chini, kama ilivyokuwa nyuma ya ukuta.

"Limeanguka hilo, Chumvi," alisema. "Nimelisikia."

Niliona uso unaniwaka, peke yangu chumbani, mtu mzima mwenye mvi.

"Ninalo," nikasema. "Liko hapa. Skola, ni mimi niliyemwambia Mwalimu."

"Hilo nilijua siku ile ile. Ulisimama mlangoni unacheka, na jiwe umelinyanyua. Mtoto anayetaka mwenzake. Hilo nilishalimaliza nikiwa bado kwa masista." Akavuta pumzi. "Nauliza la mawe. Mama alikufa anasema nilijitoa mwenyewe kwa mdako. Nilimwapia: mama, nilikuwa nimeshaacha, jiwe nilishampa Chumvi. Akasema Chumvi mwenyewe ndiye kasema. Sikuamini. Nikafikiri labda wakubwa walikutisha, labda walikusemea. Nimefikiri hivyo mpaka leo. Sasa niambie wewe. Ulisema?"

Mtu wa simu akaingia katikati akatuambia muda wetu unakwisha. Ningeweza kuliacha pengo lile lilivyo, simu ikakatika yenyewe, na kesho nikasema laini za Posta ni mbovu. Nililifikiria. Naliandika hapa ili mjue kwamba hata wakati ule nililifikiria.

"Nilisema," nikamwambia. "Hakuna aliyenitisha. Na jiwe nilikuwa nalo mkononi, nimelificha nyuma ya mgongo."

Nilimsikia akikohoa, mbali na simu.

"Haya," alisema. "Hilo umelidaka."

Nikalichukua jiwe kutoka juu ya madaftari.

"Mjukuu wangu yuko ndani, kule Mkuyuni," aliendelea, na sauti ikarudi ya sokoni. "Kungwi anaingia, shangazi zake wanaingia. Mimi siingii, unajua mwenyewe. Nakaa nje ya ukuta. Namsikia anahangaika na kokoto, hana jiwe la kurushia la maana. Tundu nimeshatoboa."

"Nitampa mtu alilete kesho."

"Usimpe mtu. Lilete wewe, tukae wote huko nje." Nikasikia anamwuliza kaka namna ya kukitundika kile chombo, kisha akarudi mara moja. "Yule wa ndizi alikutambua, akanieleza. Safari hii, Chumvi, usishuke Kingolwira."